Mgeni Huulizwa kwa Jirani

Mgeni akibisha hodi na kujitaja kuwa mwana wa fulani, wazee hawamtazami nguo tu. Hutuma mtu kwa jirani zake akaulize. Hekima hiyo twaiona imepungua katika orodha moja ifundishwayo vyuoni Marekani. Aliitoa mkutubi Sarah Blakeslee wa chuo kikuu cha Chico, California, mwaka 2004, ili wanafunzi waupime kila ukurasa wa intaneti: Ni wa lini? Wafaa haja yetu? Nani ameuandika? Ni kweli? Una kusudi gani?

Maswali ni mema. Walakini mara nyingi mwanafunzi hutafuta majibu yote kwa mgeni yule yule. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford walieleza jinsi walivyowajaribu watu 45: wanahistoria 10, wanafunzi 25, na wahakiki wa habari 10. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walidanganywa na nembo na jina la fahari. Wahakiki waliuacha ukurasa upesi, wakatafuta wengine wasemavyo juu ya mwenyewe, wakaijua kweli.

Basi hatusemi orodha itupwe; twasema itanguliwe na swali la jirani. Asiyefundishwa hilo atasoma sana, na kudanganywa sana.