Ilani ya Lusaka na Meza ya Darajani

Ilani ya Lusaka ya mwezi wa Aprili, 1969, aghalabu husomwa kama waraka wa siasa, na ni mara chache kuchunguzwa kama kazi ya maandishi. Nadhani hilo ni kosa. Swali la kama yafaa kiongozi wa taifa akae uso kwa uso na serikali inayomfanyia uadui lilijibiwa humo kwa uangalifu wa maneno ambao wasemaji wengi waliokuja baadaye hawakuufikia.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Lugha yetu ina mazungumzo, mashauriano, mapatano na suluhu, na kila moja lina daraja yake. Watu huzungumza barazani jioni pasipo kutaka kitu. Hushauriana wakiwa na jambo. Hupatana penye bei. Na suluhu huja baada ya ugomvi kutajwa kwa jina lake. Serikali ya Makaburu chini ya Vorster, iliponadi siasa yake ya mazungumzo kwa nchi huru za Afrika, ilichukua neno la barazani ikataka lifanye kazi ya suluhu, na ugomvi wenyewe ukaachwa nje ya mlango. Malawi iliingia. Ilifanya ubalozi na Afrika Kusini mwaka 1967, Vorster akaitembelea mwaka 1970, na Dakta Banda akarudisha ziara mwaka 1971. Fedha za Makaburu zilisaidia kujenga mji mkuu mpya wa Lilongwe. Simcheki Dakta Banda, maana nchi yake ilikuwa maskini na vijana wake walikuwa migodini Johannesburg. Nasema tu kwamba alichokwenda kukitafuta alikipata, na katika alichokitafuta hamkuwamo haki ya mtu mweusi wa Soweto.

Ilani ya Lusaka, ambayo Malawi haikuikubali, ilishika njia nyingine. Iliandikwa kwa Kiingereza, na mkono wa Mwalimu Nyerere unajulikana katika sentensi zake: fupi, zilizopimwa, zinazokiri udhaifu wa wasemaji kabla adui hajautaja. Inakiri kuwa nchi zilizotia sahihi hazijakamilika katika haki kwa raia zao. Kisha inasema kwamba waandishi wake wangependelea kusemezana kuliko kuua. Msomaji mwepesi huishia hapo, akasifu au akalaumu. Lakini jambo kubwa limo katika masharti yanayofuata. Kama njia ya amani ingefunguka, waandishi wangewashauri wapigania uhuru waifuate, hata kwa kulegeza kidogo upande wa muda. Upande wa muda tu! Msingi wa usawa wa binadamu haukuwekwa mezani. Huko ndiko kujua lugha: kumwonyesha adui mahali panapoweza kupinda na mahali pasipopinda, katika aya moja.

Dosari yake iko mahali pengine. Ilani inatenga mambo mawili. Msumbiji, Angola na Rhodesia zilikuwa za kukombolewa. Afrika Kusini, kwa kuwa ilikuwa dola huru, ilikuwa ya kutengwa na mataifa mengine. Kwa sheria mgawanyo huo ni sawa. Kwa vitendo ulivunjika, kwa sababu ufunguo wa Rhodesia ulikuwa mkononi mwa yule yule aliyetakiwa atengwe.

Rais Kaunda aliligundua hilo mapema. Alikuwa ameandikiana barua na Vorster tangu mwaka 1968, na Vorster alipozitangaza bungeni mwaka 1971 ili kumwaibisha, Kaunda hakukana. Serikali yake ilizichapa zisomwe na watu wote. Naona kitendo hicho kina thamani kuliko barua zenyewe. Anayezungumza na adui kwa siri amempa adui silaha ya pili, nayo ni siri. Kaunda aliitoa silaha hiyo mkononi mwa Vorster kwa gharama ya karatasi na wino.

Tarehe 25 Agosti, 1975, wakakutana. Behewa la reli lilisimamishwa juu ya daraja la Victoria Falls, kati ya Zambia na Rhodesia, ili Ian Smith na viongozi wa Zimbabwe wakae meza moja, na hakuna upande uliovuka mpaka kumfuata mwingine. Mwandishi wa riwaya angepata shida kubuni mahali pafaapo kuliko hapo. Kaunda na Vorster walikuwa, kwa desturi yetu ya pwani, washenga. Na mshenga hodari hupima mambo matatu: nani kamtuma, ana nini mkononi, na wenye shauri wako wapi. Wenye shauri walikuwapo. Baadhi yao walikuwa wametolewa kizuizini mwishoni mwa mwaka 1974 kwa sababu ya maafikiano yaliyotangulia, na faida hiyo haifai kubezwa. Ila mkononi hapakuwa na kitu kizito. Mpaka wa Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973, Reli ya Uhuru ilikuwa haijakabidhiwa rasmi, na shaba ya Zambia ilihitaji njia. Smith alilijua hilo. Mkutano ulivunjika juu ya jambo ambalo mtu angeliona dogo: kama viongozi waliokuwa uhamishoni wangeweza kurudi nyumbani kwa majadiliano pasipo kukamatwa. Smith alikataa. Asiyekubali kumdhamini mgeni wake usalama njiani hakuwa amekuja kupatana. Mkataba ulipatikana London, Desemba 1979, baada ya miaka minne mingine ya vita.

Hapa wapinzani wa mazungumzo husema: mnaona! Siafikiani nao kwa urahisi huo, na mfano wangu ni wa nyumbani. Baada ya Idi Amin kuchukua serikali ya Uganda, Januari 1971, Mwalimu alikataa kukaa naye. Nilikua nikiona kukataa kule kuwa uthabiti mtupu, na hata sasa sidhani Amin alistahili kiti. Lakini mwandishi wa Lusaka, aliyependelea kusemezana na Wareno, alifunga mlango huu, kisha Oktoba 1972 akapitisha maneno kwa mshenga, Somalia, yakatoka mapatano ya Mogadishu. Basi maneno yaliwezekana. Kiti ndicho kilichokataliwa. Tofauti ya maneno na kiti haimo katika Ilani, na ingefaa iwemo, kwa kuwa kiti humpa mtu heshima ya dola, na maneno hayampi.

Gharama ilikuwapo pia. Marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakukutana tena kama Mamlaka ya Jumuiya. Siyo sababu ya pekee iliyoiua mwaka 1977, kwani ugomvi wa Kenya na Tanzania juu ya mali na siasa ulitosha kuimaliza. Ila baraza la kuusikiliza ugomvi huo lilikuwa halikai. Makarani wa reli, posta na bandari, ambao hawakuwa na neno na Amin wala na mtu yeyote, walitawanyika, na miaka ishirini na zaidi baadaye wengine wao walikuwa wangali wakidai mafao yao.