Somo Limeeleweka

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua riwaya, tamthiliya na mashairi. Mimi naomba ruhusa nihakiki maandishi ambayo hayajapata kupigwa chapa, lakini nimeyasoma kwa wingi kuliko riwaya zote nilizozishika maishani. Nayo ni yale yanayoandikwa mwisho wa andalio la somo, mahali palipoandikwa "Maoni".

Kila mwalimu wa shule ya msingi anaijua karatasi hiyo. Juu huandikwa tarehe, darasa, kipindi, na idadi ya wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria. Hufuata mada, malengo, zana na hatua za somo. Mwisho kabisa huja tathmini na maoni. Hapo mwalimu aliyetoka darasani hutakiwa kujiuliza: nani hakuelewa, kwa nini, na kesho nitafanya nini? Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu anayejaza sehemu hiyo kwa uaminifu hukua katika kazi yake kila siku, hata asipopelekwa semina yoyote.

Sasa tutazame kinachoandikwa. Nilikuwa mwalimu mkuu katika shule za pembezoni mwa Dar es Salaam, kwanza upande wa Kinondoni, kisha Temeke. Kila asubuhi maandalio yaliletwa mezani kwangu niyatie saini. Sentensi niliyoikuta mara nyingi kuliko zote ni hii: "Somo limeeleweka." Wenye bidii waliongeza: "kwa asilimia 80."

Tuipime sentensi hiyo kama tunavyopima sentensi ya mwandishi yeyote. Kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendeka, na mtenda hatajwi. Hayupo aliyefundisha wala aliyeelewa; somo limeeleweka lenyewe, kama wali ulioiva bila mpishi. Lau mwalimu angeandika "Wameelewa", msomaji angeuliza: wangapi? Lau angeandika "Nimeeleza", angeulizwa: kwa njia gani? Lugha yetu ilimpa mwalimu mlango wa nyuma, naye akaupitia. Na hiyo asilimia 80 imetoka wapi, iwapo hakuna zoezi lililosahihishwa? Tarakimu imewekwa kama pambo. Hadithi ambayo kila siku wahusika wake wote hufaulu, msomaji huacha kuiamini.

Mhakiki mwadilifu lazima atazame pia mazingira ya mwandishi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa rika la shule ya msingi wawe shuleni ifikapo mwaka 1977, na walimu wengi wakaandaliwa kwa haraka ili kuwapokea. Ulipoanza mpango wa MMEM mwaka 2002, ada ikiwa imefutwa, wazazi walituletea watoto kwa furaha, na madarasa yakafurika. Katika vitongoji vyetu nyumba zilikuwa zinaota upesi kuliko vyumba vya madarasa. Mwaka 2003, darasa la tatu mojawapo la shule yangu lilikuwa na watoto 120. Kipindi ni dakika 40. Gawanya, utaona kila mtoto anapata sekunde 20. Mwalimu anayetoka hapo akaingia kipindi kingine, na madaftari yakimngoja, akaandika "Somo limeeleweka", nadhani amechoka kabla hajawa mwongo.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya uchovu wa wenzangu. Mwaka huohuo alikuja kwetu mwalimu kijana, mara tu alipotoka chuoni. Siku moja nilikuta maoni yake yamejaa mpaka pambizoni. Aliandika kwamba somo la kusoma lilikuwa la watoto wa mbele peke yao. Wa nyuma walikuwa wanakariri sauti za wenzao bila kutazama maneno. Kesho angewaketisha kwa makundi, lakini hakujua aanzie wapi, na aliomba msaada. Hayo ndiyo maoni bora niliyopata kuyasoma katika kazi yangu yote.

Nilimwita ofisini. Wakaguzi walikuwa wanatarajiwa juma lile. Nikamwambia, "Mwalimu, haya hayafai kuonwa na wageni. Nenda ukaandike upya." Akaitikia, "Sawa, mzee." Alasiri aliniletea karatasi safi, nayo ilisema: Somo limeeleweka. Nikatia saini. Tangu siku hiyo maoni yake yakafanana na ya wengine, na msaada alioomba sikumpa.

Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, wakatuambia kwamba wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Watu wengi walishangaa. Mimi sikushangaa, maana saini yangu ilikuwepo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba kosa la maandishi haya halianzi kwa mwandishi. Linaanza kwa msomaji wake. Karatasi moja imetwishwa kazi mbili: kumsaidia mwalimu ajikosoe, na kumthibitishia mkubwa wake kwamba anastahili kupandishwa daraja. Hakuna anayeungama udhaifu wake mbele ya mtu mwenye kalamu ya kumpandisha au kumzuia. Siku hizi ukaguzi unaitwa uthibiti ubora, na mpango wa MEWAKA unawakutanisha walimu shuleni wajadiliane kazi yao. Naufurahia mpango huo. Lakini ikiwa mwalimu mkuu aliyeketi pale ni kama nilivyokuwa mimi, watu watakutana, watakunywa chai, na somo litaeleweka tena.

Nawaomba wakuu wa shule wa leo jambo moja dogo. Mkiletewa maoni yanayosema "wa nyuma sikuwafikia", msiyarudishe. Inukeni na mwalimu huyo, mkaketi naye dawati la nyuma kipindi kizima, mwone anachokiona. Mimi niliitwa kufanya hivyo mara moja, kwa maandishi yaliyo wazi, nikachagua kalamu.