Tumbaku Moja au Nyingi?

Wavuta kiko wana ubishi usiokwisha: mtu ajaribu kila tumbaku, au ashike ile moja aipendayo? J. M. Barrie, kabla hajaandika Peter Pan, alilijibu swali hilo kwa mzaha katika My Lady Nicotine (1890). Marafiki wachache mjini London wanauhusudu mchanganyiko mmoja, Arcadia, na msimulizi huringa nao kana kwamba tumbaku nyingine si kitu. Baadaye Barrie alisema Arcadia ni Craven, tumbaku ya Carreras wa London.

Kasoro ya kitabu ni kwamba Arcadia inasifiwa tu, hatuonjeshwi. Naye mwenye kubadilisha, leo latakia yenye harufu ya moshi, kesho virginia yenye utamu, hapewi nafasi ya kujitetea. Hata hivyo mwisho unagusa. Msimulizi ameoa, ameacha kuvuta. Usiku mkewe akilala, hukaa na kiko kitupu mdomoni akimsikiliza jirani avutaye upande wa pili wa ukuta. Alichokosa si ladha, ni wenzake. Mwenye nyingi hupata ujuzi; mwenye moja hupata baraza. Barrie alichagua baraza, nami naona hakukosea.