Ngoma ya Isukuti na Swala la Ujasiriamali: Tahakiki ya Lugha ya Sera za Sanaa Nchini Kenya

Katika maandishi na hotuba zihusuzo maendeleo ya sanaa nchini Kenya hujitokeza mara kwa mara maneno mawili: ujasiriamali na miundombinu. Msanii hushauriwa awe mjasiriamali, nazo serikali, hasa za kaunti, huahidi kumjengea miundombinu. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo kwa sanaa moja halisi, yaani isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Hoja yetu ni kwamba maneno yenyewe hayana ubaya, ila namna yanavyotumika humsahau msanii ambaye sanaa yake si mali ya mtu mmoja.

Isukuti ni jina la ngoma zipigwazo, na pia la uchezaji wenyewe. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nazo husindikizwa na pembe ya paa pamoja na njuga za chuma. Kiongozi huimba, na wachezaji, wanaume kwa safu yao na wanawake kwa yao, humfuata kwa hatua za haraka. Huchezwa mtoto azaliwapo, katika jando, arusini, matangani, na hata katika michezo ya mpira. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba mabingwa wengi ni wazee wasio na warithi. Kwamba fedha na vifaa vya kutengenezea ala na mavazi ni haba. Na kwamba watungaji wengi huvutwa na muziki wa biashara, huku hadhira nayo ikifuata burudani za kisasa.

Sababu hiyo ya mwisho yataka kuangaliwa kwa makini. Ikiwa soko ndilo linalowaondoa watungaji katika isukuti, basi asemaye kuwa soko ndilo dawa hana budi kutueleza ni soko gani, la nani, na kwa masharti gani.

Neno ‘ujasiriamali’ limejengwa kwa ‘jasiri’ na ‘mali’. Hapo hapo swali lazuka: mali ya nani? Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 2010 yaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mrabaha utamaduni wao utumikapo. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni ilifuata mwaka 2016, nayo ikazipa serikali za kaunti wajibu wa kuyaandikisha. Kwa hiyo sheria yaitambua jamii kuwa mwenye mali. Lugha ya ujasiriamali, kwa upande wake, humwendea mtu binafsi: aandikishe biashara, aombe mkopo, ajitangaze. Kikundi cha isukuti kiitwapo kumlaki mgeni wa heshima, swala kubwa si kama kinajua kujiuza. Swala ni kama pana mkataba, kama ujira ulijulikana mapema, na kama sauti zao zikinaswa na kuuzwa, fungu la jamii litapitia mkono gani.

Wapo watakaosema kwamba fedha huiharibu sanaa ya jadi, na kwamba heri iachwe kama ilivyo. Hatukubaliani nao. George Mukabi, mpiga gitaa wa Kisa aliyefariki mwaka 1963, aliingiza mtindo wa omutibo katika biashara ya sahani za santuri, na bado muziki wake ukabaki wa kwao. Lakini gitaa lake lilitosha kubebwa na mtu mmoja hadi studio. Isukuti yahitaji watu wengi pamoja na tukio la kuchezewa, na hayo hayanunuliwi kwa mkopo wa mtu mmoja.

Tuje kwenye ‘miundombinu’. Neno hili nalo ni la sehemu mbili, ‘miundo’ na ‘mbinu’. Yaelekea watunga sera huishika sehemu ya kwanza, wakahesabu kumbi na majukwaa, na kuisahau ya pili. Bomas za Kenya, zilizoanzishwa mwaka 1971, ziliwapa wachezaji kazi ya ujira na kuhifadhi hatua nyingi za ngoma za makabila. Lakini ngoma ya matanga ichezwapo mbele ya mtalii haina maiti wala wafiwa. Kamiriithu, huko Limuru, palikuwa na njia nyingine. Wanakijiji walijijengea ukumbi wao wa wazi, wakaigiza ‘Ngaahika Ndeenda’ mwaka 1977. Serikali iliufuta upesi ruhusa ya mchezo huo, na mwaka 1982 ikaubomoa ukumbi. Mfano huo waonyesha kwamba jamii yaweza kujijengea miundo yake bila kungoja mfadhili, na pia kwamba miundo hiyo haina usalama pasipo kibali cha wenye mamlaka.

Kwa isukuti, miundombinu huanzia kwenye gogo linalotobolewa na ngozi ya kenge inayowambwa. Msitu wa Kakamega umehifadhiwa, na ipo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Hifadhi hizo ni za haki. Hata hivyo, fundi wa ngoma asiyekuwa na njia halali ya kupata mti na ngozi hatafaidika na ukumbi wowote. Kupanda miti ya ngoma nje ya msitu, kumpa fundi kibali kinachojulikana, na kumlipa mzee afundishe vijana wawili watatu, hayo ndiyo mambo ambayo sera ingeanza nayo.

Wanaisimu nao wana sehemu yao. Uandikishaji unaotakiwa na sheria ya 2016 hauwezi kukamilika kwa kutaja jina la ngoma tu. Wahitaji matini ya nyimbo katika Luisukha na Luidakho, maana yake, tukio la kila wimbo, na majina ya ala na sehemu zake. Kazi hiyo ni ya idara za lugha, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kipo papo hapo mjini Kakamega. Ifanywe wazee wangali hai, na nakala za kwanza wakabidhiwe wenyewe.