Pongezi kwa Ua wa Wasanii Mikocheni

Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008 katika eneo la viwanda vidogo Mikocheni, Kinondoni, jijini Dar es Salaam, inastahili pongezi kwa jambo moja kuu: imeweka maonyesho, mikusanyiko na kazi yenyewe ndani ya ua mmoja. Studio zake ni makontena ya mizigo yaliyogeuzwa matumizi. Aliyefuata muziki au mjadala hupita mlangoni mwa mchoraji na kuona turubai ambayo rangi yake haijakauka. Hivyo sanaa humfikia hata yule ambaye hakuja kuitafuta.

Wapo wasemao kuwa sanaa ni anasa ya watalii, na kwamba mkazi wa Temeke anahitaji kwanza maji na barabara. Mahitaji hayo ni ya kweli, lakini sanaa ya jiji hili haikuzaliwa kwenye anasa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekuja kutafuta riziki, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao ulioshindiliwa (masonite). Hoja yenye uzito ni umbali: kutoka Mbagala, huko Temeke, hadi Mikocheni ni safari ndefu ya daladala. Dawa yake ni kumbi za mikutano za Temeke nazo kutundika kazi za wasanii wake.