Juu ya Neno "Amoral" na Tafsiri Yake

Mfasiri akilitia neno la Kiingereza "amoral" katika Kiswahili kwa kusema "mpotovu", hukosa, maana hilo ndilo "immoral". Maneno yote mawili yana shina la Kilatini lenye maana ya desturi. Lakini "im-" kwa mazoea imekuwa ya kupinga, na "a-", iliyotoka katika Kiyunani, ni ya ukosefu tu. Mpotovu ni mtu aliyeipotoa njia aliyoijua. Paka aibaye samaki hakupotoa njia yo yote, wala mtoto mchanga ampigaye mamaye.

Tofauti hii si mchezo wa wenye elimu. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 15, mtoto aliye chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai. Na aliye chini ya miaka 12 hana, ila ithibitike kwamba aliweza kujua kuwa tendo lile halimpasi. Mkalimani akimwita "mpotovu", amekwisha mhukumu kabla ya hakimu.

Basi kwa mtoto yafaa "asiyepambanua mema na mabaya". Kwa mtu mzima, "asiyejali mema wala mabaya". Na kwa jambo kama hesabu, "lisilohusu maadili". Ni maneno marefu, lakini hayamsingizii mtu.