Blauzi ya Enzi ya Mfalme Edward

Mavazi ya enzi ya Edward ni yale ya kipindi cha Mfalme Edward VII wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1901 hadi 1910. Wanahistoria wa mavazi huivuta enzi hiyo hadi 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Kwa anayeshona nyumbani, miaka hiyo ina sifa ya pekee: nguo zake nyingi zilishonwa majumbani tangu mwanzo. Cherehani ya Singer ilikuwa imekwisha kuingia, mara nyingi kwa malipo ya kidogo kidogo, katika nyumba za makarani na wafanyakazi wa viwandani, na kiwanda cha kampuni hiyo kilichokuwa Clydebank, Uskoti, kilitoa zaidi ya cherehani milioni moja mwaka 1913 peke yake. Karatasi za kukatia, ambazo Mmarekani Ebenezer Butterick alianza kuziuza kwa saizi mbalimbali mwaka 1863, zilipatikana dukani na kwa posta. Kwa hiyo anayeshona blauzi ya 1905 leo haigi kazi ya mafundi wakubwa wa Paris. Anarudia kazi ya mwanamke wa kawaida, aliyetandaza kitambaa mezani vyombo vya chakula vilipokwisha kuondolewa. Hata chombo chenyewe hakijastaafu: cherehani ya kukanyaga kwa miguu, yenye gurudumu la chuma chini ya meza, bado inachapa kazi kwenye baraza za maduka Mombasa, Tabora na Bujumbura.

Karatasi zile zilikuwa nyembamba mno na hazikuchapwa maneno. Mahali pa maneno palikuwa na matundu: haya yanaonyesha uelekeo wa nyuzi za kitambaa, yale yanaonyesha penye mkunjo au pa kukutanishia mkono na bega. Maelezo yaliyoambatana nazo yalikuwa mafupi, na mara nyingi yaliishia kumwambia mshonaji aunge mkono au atie kola kama ilivyo desturi, pasipo kutaja desturi gani. Msomaji wa leo huudhika akadhani mwandishi alikuwa mvivu. Ukweli ni kwamba alimheshimu msomaji wake. Alichukulia kwamba anayeifungua karatasi ana mkono uliokwisha kuzoea sindano. Ladha ya kazi hii imo humo hasa. Kila palipoachwa kimya, fundi analazimika kuamua mwenyewe, na kuamua kwa sababu. Msaada upo: katika miaka ya 1960 Mwingereza Janet Arnold alipima nguo za kale zilizohifadhiwa, akazichora kipande kwa kipande, na michoro yake ingali inatumiwa. Lakini mchoro humwonyesha fundi mahali mshono ulipopita, haumwonyeshi mkono uliushika vipi.

Kazi huanzia ndani. Anayekimbilia gauni la nje hujuta, kwa kuwa nguo za wakati ule hazikukatwa kufuata mwili mtupu. Zilikatwa kufuata mwili uliokwisha kuvishwa shimizi, korseti, kifuniko cha korseti na sketi ya ndani. Kuanzia 1900 hivi hadi 1908, korseti ya mtindo ilikuwa na utepe wa chuma ulionyooka mbele, kuanzia chini ya kifua hadi chini ya tumbo. Umbo hilo huhusishwa na Inès Gaches-Sarraute, Mfaransa aliyesomea udaktari, aliyetaka kulipunguzia tumbo mbano. Mitindo ikalichukua wazo lake na kulikaza kupita kiasi, hata wanawake wakaonekana wamepinda mfano wa herufi S, kifua mbele na nyonga nyuma. Picha za matangazo zilitia chumvi juu ya chumvi. Sehemu kubwa ya umbo lile ilikuwa hila tu: vimto vidogo nyongani na safu za marinda ya bafta kifuani, ili kiuno kionekane chembamba bila ya kuteswa sana. Wanaoshona leo hutumia vipande vya chuma chepesi au plastiki, na wasiopenda korseti huridhika na vimto na marinda, jambo ambalo halina aibu yoyote.

Juu ya hayo huja blauzi, nayo ndiyo fahari ya enzi nzima. Hushonwa kwa melimeli nyepesi ya pamba, na mbele yake huachwa kitambaa kingi kinachokusanywa kiunoni ili kining'inie kidogo juu ya mkanda, kama kifua cha njiwa. Kola hupanda hadi chini ya masikio ikisimamishwa na vijiti vyembamba vilivyofichwa ndani. Kifuani hupita safu za mikunjo midogo iliyoshonwa. Mikunjo 20 ya milimita 3 hula sentimita 12 za kitambaa, kwa hiyo hushonwa kwanza, ndipo karatasi ilazwe juu na nguo ikatwe.

Kisha kuna lesi, na hapa ndipo inapofaa kusogea karibu na kutazama. Lesi ya blauzi hizi haitundikwi pembeni tu. Huingizwa katikati ya kitambaa. Hulazwa juu ya kitambaa kizima, ikapigwa bandi isisogee, halafu kingo zake mbili hushonwa kwa mishono midogo iliyokaribiana. Nguo hugeuzwa. Kitambaa kilicho nyuma ya lesi hupasuliwa katikati kwa ncha ya mkasi, pole pole, kidole kikiwa kimetangulia kati ya kitambaa na lesi. Kila nusu hukunjwa kuelekea upande wake, ikapigwa pasi na kushonwa tena. Kinachobaki ni dirisha refu jembamba ambalo kupitia kwake shimizi inaonekana kwa mbali. Mkasi ukiteleza mara moja, saa nzima ya mikunjo imekwenda, na hakuna kiraka cha kuificha ajali hiyo.

Mikono ya blauzi ina historia yake. Katika miaka ya kwanza ya karne upana wote ulikuwa chini, karibu na kiganja, ukakusanywa kwenye kibanio cha mkono. Kufikia 1905 hivi ukahamia juu ya kiwiko. Gomesi, gauni la wanawake wa Uganda, lililoanza kushonwa mwanzoni mwa karne hiyohiyo na ambalo jina lake limetokana na fundi Mgoa, bado lina mikono iliyoinuka kwa ncha mabegani, na macho yaliyozoea blauzi za Kiingereza za siku zile huitambua mara moja.

Sketi ni nyepesi zaidi kuieleza. Huwa na vipande 5, 7 au 9, kila kimoja chembamba kiunoni na kipana chini, ili ilale vizuri nyongani na ifunguke kuanzia magotini. Hufungwa nyuma kwa kulabu, kwani zipu haikuzoeleka katika nguo za wanawake hadi miaka ya 1930. Pindo hupimwa mwisho kabisa, mvaaji akiwa na korseti, sketi ya ndani na viatu vile vile atakavyovaa, na ukingo wake hutiwa utepe mgumu unaopokea vumbi badala ya kitambaa.

Kwa upande wa kufuma, ukimya wa maelezo ni mkubwa zaidi. Wanawake wa enzi ile walifumiwa au walijifumia fulana za ndani, soksi, mitandio na, tenisi na gofu zilipoenea, makoti mepesi ya sufu yenye mkanda. Maelezo yake yalitolewa katika vijitabu kama vile Weldon's Practical Needlework, vilivyoanza kutolewa London katika miaka ya 1880. Humo hutajwa jina la uzi, namba ya sindano na idadi ya vitanzi. Vitanzi vingapi vitoke katika kila inchi, mara nyingi hapana neno. Namba za Kiingereza nazo huenda kinyume: kadiri namba inavyokua ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba, namba 8 ikiwa milimita 4 na namba 14 milimita 2. Tuseme koti lina vitanzi 240 kuzunguka kifua. Vikifumwa 7 kwa inchi, kifua ni inchi 34 hivi; vikifumwa 6, ni inchi 40, tofauti ya kutosha kumvalisha mtu mwingine kabisa. Dawa yake ni kufuma kipande kidogo cha majaribio, kukifua, kukikausha, ndipo kuhesabu. Hesabu isipokubali, hubadilishwa sindano kabla ya kubadilishwa uzi, na hubadilishwa uzi kabla ya kuguswa idadi ya vitanzi, kwa sababu mara nyingi nakshi ya koti zima imepangwa juu ya idadi hiyo.